Kuhama na Kuhamishwa: Nyumba za Mama Zetu, Kutoka Bagamoyo Hadi Kunduchi



Tunapozungumzia nyumba hapa kwetu, mara nyingi huwa ni habari za kuingia. Bibi harusi anaingia kwake, kitanda kinatandikwa, udi unafukizwa, mama na shangazi wanakagua kila kona. Leo tunataka kuzungumzia upande wa pili, ambao hauimbiwi nyimbo: mama anapotoka kwenye nyumba kubwa aliyolelea watoto na kwenda kumalizia umri wake kwenye nyumba ya vyumba viwili, au kwenye chumba kimoja kwa mwanawe.

(Na kabla hamjacheka: tukisema nyumba ndogo leo tunasema nyumba yenye vyumba vichache. Ile nyengine tumeiacha kwa siku nyengine.)

Tumechagua Bagamoyo na pwani inayoshuka mpaka Kunduchi, ng'ambo tu ya visiwa vyetu, kwa sababu pale historia ya nyumba inaonekana kwa macho. Kuna magofu, kuna majumba ya mawe yaliyobaki na milango bila madari, kuna nyumba za udongo zenye baraza, na kuna viwanja vipya vinavyouzwa kila wiki. Ukiitazama historia hiyo kwa jicho la mwanamke mtu mzima, unaona kitu kimoja kinajirudia. Kupungua kwa nyumba hakujawahi kuwa aibu katika pwani yetu. Kilichowaumiza mama zetu ni kupunguziwa na wengine, wakati wao wenyewe hawakuulizwa.

Nyumba iliyokua kwa harusi

Nyumba za zamani za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Mti wa mkoko haubebi dari pana, kwa hivyo vyumba vingi vya zamani havizidi mita 3 kwa upana, hata kama urefu wake ni mara mbili au tatu ya hapo. Aliyetaka nyumba kubwa hakuweza kupanua chumba. Ilibidi aongeze chumba kingine, au aongeze ghorofa.

Mfano mzuri zaidi wa jambo hili uko kaskazini zaidi, Lamu, na tunauleta kwa sababu unaeleza fikra ya pwani nzima. Katika familia zenye uwezo, baba alimpa binti yake pa kukaa anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia. Kama kiwanja kimekwisha, walijenga ghorofa juu ya nyumba ya mama, au walivusha chumba juu ya njia mpaka nyumba ya pili. Chumba hicho cha kuvuka njia kinaitwa wikio, na hata katika Mji Mkongwe wa Unguja mnaviona vyumba vya namna hiyo mkipita vichochoroni. Chini yake watu wanapita, juu yake familia inaendelea.

Kwa maana hiyo nyumba ilitanuka kwa harusi. Na ilisinyaa vilevile: bibi akizeeka, alishuka chini au aliingia chumba cha ndani, akamwachia binti sehemu yenye nafasi na mwanga. Hakuhama mtaa, hakubadilisha majirani, wala hakuondoka karibu na wajukuu. Alipunguza vyumba tu. Katika nyumba hizo za Lamu kulikuwa na chumba cha ndani kabisa kilichotumika wakati wa kujifungua na wakati wa kuosha maiti. Mwanamke alijua tangu ujana kwamba nyumba ina sehemu ya kila umri, na ipo sehemu ya mwisho pia.

Bagamoyo, mji uliopunguziwa

Bagamoyo ina historia tofauti kidogo. Kilomita kama 5 kusini ya mji kuna magofu ya Kaole, yenye misikiti miwili na makaburi ya nguzo, mji uliokuwa hai karne nyingi kabla ya Bagamoyo tunayoijua. Watu waliondoka Kaole, na katika karne ya 18 na ya 19 maisha yakahamia kidogo kaskazini. Biashara ya misafara kutoka Tabora na Ujiji ilipokua, Bagamoyo ikawa mlango wa bara: pembe za ndovu, nazi kavu, nguo, shanga, na, lazima tuseme, binadamu waliouzwa. Waarabu kutoka Oman, Wahindi wa Kibohora, Kikhoja na Kibaniani, Washomvi, Washirazi, Wazaramo, Wakwere, Wadoe, Wanyamwezi na Wamanyema wote walikutana pale. Majumba ya mawe yalipanda kando ya bahari na katika mtaa uliokuja kuitwa Mtaa wa India, duka chini, familia juu.

Kisha mji wenyewe ukapunguziwa. Mwaka 1888 Wajerumani walikuja kuichukua pwani, na watu wa pwani wakapigana nao chini ya Abushiri bin Salim. Bagamoyo ilipigwa mizinga, nyumba zikaungua, na watu wengi wakakimbilia viwanja vya misheni ya Wakatoliki, iliyokuwapo pale tangu 1868. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Disemba 1889. Bagamoyo ikafanywa makao makuu ya Wajerumani, lakini kwa muda mfupi tu. Mwaka 1891 makao yalihamishiwa Dar es Salaam, kwa sababu bahari ya Bagamoyo ni ya kina kifupi na meli kubwa hazikaribii, na Dar ina bandari ya kina. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Baada ya hapo hakukuwa tena na sababu ya msafara kushuka Bagamoyo.

Mjionee wenyewe maana yake kwa mwenye nyumba. Biashara imehama, waume na watoto wa kiume wameifuata Dar au Tabora, na mama amebaki na jumba la ghorofa. Jumba la mawe halikai bila kuangaliwa. Chokaa inataka kupakwa tena kila baada ya miaka michache, boriti zinaoza mvua ikipenya, paa linataka fundi. Bila pesa ya msafara na bila watu, jumba kama hilo linamla mwenyewe. Ndiyo maana mnaona Bagamoyo kuta nzuri zimesimama na juu hakuna kitu. Nyingi hazikubomolewa na adui. Zilishindwa kutunzwa.

Mikono iliyolibeba jumba

Hapa pana jambo ambalo tukilificha tutakuwa tumeandika nusu ya historia. Majumba yale yalibebwa na mikono ya watumwa, na wengi wao walikuwa wanawake. Wao ndio walioteka maji kisimani, waliopiga sakafu, waliopika kwa ajili ya watu 20 na 30, na wao ndio waliolala kwenye vyumba vya chini. Utumwa ulifutwa kwa hatua. Unguja na Pemba amri ilitoka mwaka 1897, lakini masuria hawakuguswa mpaka 1909. Katika bara la Wajerumani, watoto waliozaliwa baada ya mwaka 1905 walihesabiwa huru, na Waingereza wakaufuta utumwa kabisa Tanganyika mwaka 1922.

Kwa bibi wa jumba, hiyo ilikuwa sababu nyengine ya kupunguza vyumba. Kwa mwanamke aliyetoka utumwani ilikuwa kinyume chake. Kibanda cha udongo chenye vyumba viwili pembezoni mwa mji, paa la makuti, mlango wa kufunga mwenyewe, kilikuwa nyumba ya kwanza maishani mwake ambayo hakuna aliyeweza kumtoa. Vyumba viwili vilevile, kwa mmoja ni kushuka na kwa mwengine ni kupanda. Tukumbuke hilo kila tunapomhukumu mtu kwa ukubwa wa nyumba yake.

Na Bagamoyo ilishuhudia jinsi heshima inavyoweza kuhama kutoka kwenye majumba. Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana kama Sheikh Ramiya, aliletwa pale akiwa mtoto, mtumwa kutoka Manyema. Alisoma, akafundisha, akawa kiongozi mkubwa wa tarika ya Qadiriyya mpaka alipofariki mwaka 1931. Watu waliokuwa wakitafuta elimu na baraka walikwenda kwake, na waliokwenda hawakuhesabu ghorofa.

Nyumba ya Kiswahili na hekima ya ukumbi

Baada ya majumba ya mawe, nyumba iliyoshika pwani hii ni ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili. Mnaijua: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu unaopita nyumba nzima, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, na nyuma uani penye jiko, choo na mahali pa kufulia. Kuta ni za miti na udongo, baadaye matofali ya saruji. Paa makuti, baadaye mabati. Ilienea Bagamoyo, Saadani, Pangani, na ndiyo iliyojenga Kariakoo, Dar es Salaam.

Nyumba hii imewasaidia wanawake watu wazima kuliko tunavyoisifu. Kila chumba kina mlango wake ukumbini, kwa hivyo kila chumba kinaweza kuwa nyumba. Mume akifariki na watoto wakiondoka, mama hakulazimika kuuza wala kuhama. Alirudi nyuma, kwenye chumba kilicho karibu na uani, na vyumba vya mbele vyenye madirisha ya njiani akavipangisha. Kodi ikamlisha. Mpangaji mwenye watoto akamchotea maji, yeye akamwangalizia mtoto. Nyumba ilikuwa ileile na jina lake likabaki mlangoni, ila yeye sasa anatumia chumba kimoja badala ya sita.

Huku ni kupunguza nyumba bila kuhama, na mama zetu walikujua kabla ya vitabu vyote vya mapambo ya nyumba. Tatizo ni kwamba nyumba tunazojenga sasa haziruhusu jambo hilo. Sebule kubwa moja, vyumba vyote vimefungwa ndani yake, mlango mmoja wa kuingilia. Mama akibaki peke yake ndani ya nyumba kama hiyo, ama aishi na giza la vyumba vitupu, ama aingize mgeni sebuleni kwake. Dada unayechora ramani ya nyumba yako mwaka huu, fikiria miaka 30 mbele. Chumba kimoja chenye mlango wake wa nje na choo chake hakiongezi gharama kubwa leo.

Vyumba vya Madina

Tukitafuta mfano ulio juu ya yote, hatuna haja ya kwenda mbali na dini yetu. Mama wa Waumini waliishi katika vyumba vidogo kando ya msikiti wa Mtume (SAW) Madina. Kuta zilikuwa za matofali mabichi na matawi ya mtende yaliyopakwa udongo. Hasan al-Basri amesimulia kwamba alipokuwa kijana aliingia vyumba hivyo na akaweza kuigusa dari kwa mkono.

Mtume alifariki ndani ya chumba cha Bibi Aisha (RA), na akazikwa hapohapo. Kisha akazikwa baba yake, Abubakar (RA). Umar (RA) alipojeruhiwa, alimtuma mwanawe kwenda kumuomba Bibi Aisha ruhusa ya kuzikwa pale, na akasisitiza aulizwe tena baada ya yeye kufa, isije ikawa alikubali kwa kumuogopa. Fikirini hilo, dada zetu. Khalifa wa Waislamu, mtu aliyetawala kuanzia Misri hadi Uajemi, anamuomba mwanamke mjane sehemu ya chumba chake na anahakikisha ameridhia kweli. Bibi Aisha aliridhia. Alijitenga kwa ukuta na akaendelea kuishi kwenye sehemu iliyobaki mpaka alipofariki mwaka 58 Hijria. Nyumba yake ilipungua kwa idhini yake.

Karibu mwaka 88 Hijria, wakati wa Khalifa al-Walid, vyumba hivyo vilivunjwa ili msikiti upanuliwe. Imepokewa kwamba watu wa Madina walilia siku ile, na Said bin al-Musayyib alitamani viachwe, ili wanaokuja baadaye waone Mtume aliridhika na kitu gani.

Hatusemi hayo ili kuwalazimisha mama zetu wabanane. Mtume mwenyewe ameitaja nyumba yenye nafasi kuwa miongoni mwa mambo ya furaha, pamoja na mke mwema, jirani mwema na kipando kizuri. Kinachotufunza vyumba vya Madina ni adabu ya kuuliza.

Baada ya eda: hesabu ambayo wengi hawaifanyi

Sasa tuje penye maumivu. Mwanamke akifiwa na mume anakaa eda miezi 4 na siku 10. Furay'a binti Malik (RA), dada yake Abu Said al-Khudri, aliuawa mumewe na akaachwa kwenye nyumba ambayo haikuwa milki ya marehemu. Alimuomba Mtume ahamie kwa jamaa zake, na akaambiwa abaki nyumbani mule mpaka muda wake utimie. Eda basi si wakati wa kufunga mizigo wala wa kuletewa madalali. Anayempitisha mnunuzi ukumbini wakati mama yumo edani, ajiulize anafanya nini.

Lakini eda inakwisha, na mirathi lazima igawiwe. Tuchukue mfano wa hesabu. Mzee ameacha nyumba tu, thamani yake shilingi milioni 80. Ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Mke anapata thumuni, yaani 1/8, nayo ni milioni 10. Zinabaki milioni 70, mafungu 5: kila mtoto wa kiume milioni 28, wa kike milioni 14. Kama wake ni wawili, wanagawana ile milioni 10. Kama hakuna mtoto kabisa, mke anapata robo, milioni 20.

Fungu la mama ni haki iliyowekwa na Mwenyezi Mungu katika Surat An-Nisaa na hakuna wa kulipunguza. Lakini milioni 10 hainunui nyumba Bagamoyo mjini, seuze Kunduchi. Watoto wakikubaliana wasiuze, mama anabaki. Mmoja akitaka chake leo, nyumba inauzwa, na mama anahamishwa. Wengi wa mama tunaowaona wanazunguka kwa watoto na furushi la nguo, mwezi hapa na mwezi kule, hawakudhulumiwa na sheria. Jambo halikuandaliwa mapema, basi.

Na kuna vitu viwili vinavyosahauliwa kabla ya kugawa. Cha kwanza ni mahari iliyoahirishwa. Kama mume hakuilipa, hiyo ni deni, na deni hulipwa kabla warithi hawajagusa kitu. Mabibi harusi, mahari yenu iandikwe, na sehemu iliyobaki iandikwe pia. Cha pili ni milki ya mama mwenyewe. Kama alijenga kwa pesa ya dhahabu yake, kama kiwanja kilikuwa urithi wa baba yake, hicho si cha marehemu na hakiingii kwenye mafungu. Ila aweze kuthibitisha.

Wakfu, na jinsi ulivyovunjwa mahakamani

Mababu zetu walikuwa na dawa. Mtu aliifanya nyumba yake wakfu kwa kizazi chake: isiuzwe, isirithiwe, wake na mabinti wakae humo maisha yao, na kizazi kikikatika iende msikitini au kwa maskini. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja ni za wakfu mpaka leo. Kwa mjane na kwa binti aliyeachika, wakfu ulikuwa paa lisilohitaji ruhusa ya kaka.

Kisha likaja pigo ambalo hatulisomi skuli. Mwaka 1894 majaji wa Baraza la Faragha mjini London, katika kesi iliyotoka Bengal, waliamua kwamba wakfu wa kuinufaisha familia, ambao sadaka yake inakuja mwisho kabisa, si wakfu halali. Waislamu wa India walilalamika mpaka sheria ikarekebishwa mwaka 1913. Huku kwetu mahakama za Waingereza ziliendelea kuufuata uamuzi ule, na mwaka 1951 baraza lilelile likabatilisha wakfu wa familia katika kesi iliyotoka Kenya. Majaji waliokaa London waliamua kuwa kumwekea binti yako mahali pa kulala si sadaka, ingawa Mtume alifundisha kuwa kumtumilia ahli wako ni katika sadaka bora. Paa nyingi za wanawake ziliingia mashakani hivyo.

Leo Zanzibar tunayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwa Sheria namba 2 ya 2007, na kwa upande wa bara familia zinaweza kupata ushauri kwa makadhi na mawakili wanaojua mambo haya. Mlango haujafungwa, ila ni lazima kuugonga mapema.

Kunduchi, Mapinga na bei ya kiwanja

Kwa nini tunasema haya sasa? Kwa sababu pwani ile imeanza kuhamishwa tena. Dar es Salaam imepanda kaskazini: Kunduchi, ambako makaburi ya zamani yalipambwa kwa bakuli za Kichina, sasa imezungukwa na hoteli na kuta za majumba, Mbweni, Bunju, Mapinga na Kerege zimekuwa viwanja. Mkataba wa bandari kubwa ya Bagamoyo ulitiwa saini mwaka 2013, jiwe la msingi likawekwa 2015, mradi ukasimama 2019, na katika miaka hiyo shamba la minazi la bibi likageuka kuwa eneka. Kijana anayeona bei inapanda hana subira na ukumbi wa mama.

Kwa mke aliye bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi, haiwekwi rehani wala haitolewi zawadi bila idhini ya mwenzako. Ulinzi huo unawasaidia wakati wote wawili mko hai. Baada ya kifo, kinachowalinda ni maandalizi.

Maandalizi yenyewe si makubwa. Wazee wawili wakae wakiwa wazima, waulizane: mmoja wetu akitangulia, mwengine ataishi wapi? Kama nyumba ni kubwa mno, wauze wenyewe wakiwa na nguvu, wanunue ndogo karibu na msikiti na hospitali, na iandikwe jina la mama ikiwa ni zawadi yake. Zawadi, yaani hiba, haitimii mpaka akabidhiwe mkononi, kwa hivyo hati isikae kabatini kwa mtoto. Wasia hauzidi theluthi na haumhusu mrithi, kwa hivyo msitegemee wasia kumhifadhi mke. Na kwa watoto, wasipendelewe: Mtume alikataa kushuhudia zawadi ya Bashir kwa mwanawe mmoja, Nuuman, akiwaacha wengine.

Kuhusu vyombo, mama asiharakishwe. Kasha la shaba, kitanda cha samadari, mikeka na bakuli vina wenyewe: wajukuu wanaoolewa. Agawe kwa mkono wake akiwa hai, apate na furaha ya kuviona vinatumika. Na mlango wa nakshi usiuzwe kwa mpita njia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango iliyochongwa kabla ya 1940, na milango mingi ya pwani imeshaondoka kwa bei ya kutupa.

Hatimaye, watoto tujue kuuliza. Mama anataka kubaki? Abaki, tumpangishie vyumba vya mbele. Anataka kuhama? Ahamie anapopachagua yeye, jina lake likiwa mlangoni. Umar aliuliza mara mbili kwa ajili ya mita chache za udongo, na sisi tuna mama mmoja.

Ewe Mola wetu, wape mama zetu nyumba zenye nafasi, majirani wema na watoto wenye adabu. Na waliotangulia wapanulie makaburi yao, kwani hiyo ndiyo nyumba ndogo tutakayohamia sote. Aamin.